Kichwa cha kushunti cha farasi 350: kitavuta tani 500? Na ukague nini kabla ya kulipa

Ndugu wa Tororo, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama kichwa kidogo cha treni cha dizeli, chenye nguvu za farasi 350, kinaweza kusogeza mabehewa kumi yenye jumla ya tani 500 kwenye njia ya pembeni ya ghala lako. Pili, kama si afadhali uongeze pesa uchukue kichwa cha njia kuu chenye farasi zaidi ya elfu. La kwanza ni ndiyo, ila inategemea uzito wa kichwa chenyewe na mwinuko wa reli. La pili ni hapana. Kwenye kushunti, yaani kusogeza na kupanga mabehewa, kinachokamata mzigo ni uzito uliokalia magurudumu yanayoendeshwa. Farasi zinaamua tu utakwenda kwa mwendo gani.

Tazama vichwa vya kushunti vya Uingereza vya daraja la 08 (Class 08), ambavyo karibu kila mtu wa reli anavitolea mfano. Vilijengwa 996 kati ya 1952 na 1962. Kimoja kina silinda sita, farasi 350 kwa mizunguko 680 tu kwa dakika, uzito wa karibu tani 50, magurudumu sita yaliyounganishwa kwa vyuma vya pembeni, na mwendo wa juu wa kilomita 24 kwa saa. Nguvu yake ya kuvuta wakati wa kuanza ni kilonyutoni 156, yaani karibu theluthi ya uzito wake, na hapo ndipo mwisho wa mshiko wa chuma juu ya chuma kikavu. Ukikifungia injini ya farasi 1,000 bila kuongeza uzito, hakitaanza na mzigo mkubwa zaidi. Magurudumu yatateleza tu.

Sasa hesabu yako. Kanuni ni nyepesi: nguvu ya kuvuta kwa kilonyutoni ni 3.6 mara kilowati zinazofika kwenye reli, gawanya kwa kilomita kwa saa. Daraja la 08 hufikisha kilowati 194 hivi kwenye reli. Tuseme kichwa chako kina tani 40, mabehewa tani 500, na kuna mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100. Mwinuko unakula kilo 10 kwa kila tani, na kuviringika kwa beringi zilizochakaa weka kilo 5. Kilo 15 kwa tani 540 ni kilo 8,100, yaani kilonyutoni 79. Zidisha 194 kwa 3.6, gawanya kwa 79: unapanda kwa karibu kilomita 9 kwa saa. Kwa kushunti huo ni mwendo mzuri kabisa.

Lakini angalia mshiko. Tani 40 kwenye reli kavu hukupa kama kilonyutoni 118. Reli ikilowa, hasa ile mvua nyepesi ya asubuhi inayochanganyika na vumbi na grisi, unabaki na kati ya 59 na 78. Umeshapungukiwa. Kwa hiyo kama njia yako ina mwinuko huo, ama utafute kichwa cha tani 50, ama uvute mabehewa matano matano, na mchanga usikose. Njia ikiwa tambarare mzigo huohuo unashuka hadi chini ya kilonyutoni 30, hata kichwa cha tani 30 kitatosha. Pima mwinuko kwanza, halafu ndipo uzungumze bei.

Ongeza na hili la kwetu: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Tororo ni juu kidogo ya hapo. Injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa ndani) hupoteza takriban asilimia moja kwa kila mita 100, kwa hiyo toa kama asilimia 12 kwenye zile farasi za kwenye kibao. Maji nayo huku huchemka karibu nyuzi 96, wala hayafiki 100. Kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, ambacho Mombasa kingevumilika, huku kitakuchemshia maji kila alasiri.

Kichwa cha njia kuu kina kasoro nyingine kwako. Ni kirefu, na njia za pembeni zina kona kali. Kupima kona hakuhitaji mtaalamu: nyosha uzi wa mita 10 ndani ya reli ya nje, ncha zote mbili ziguse reli, kisha pima nafasi kati ya uzi na reli pale katikati. Ukipata milimita 125, nusu kipenyo cha kona ni mita 100. Muulize muuzaji kona kali kuliko zote ambazo kichwa chake kimekubaliwa kupita, ulinganishe na yako. Akikosa jibu la maandishi, usinunue.

Historia inaeleza kwa nini vichwa hivi vilizaliwa kwenye yadi kabla ya njia kuu. Cha mvuke kwenye yadi kilikuwa hasara tupu: kinasimama saa nzima kikingoja mabehewa huku makaa yanaungua, maji yanaisha na majivu yanahitaji kutolewa. New York ilipitisha sheria mwaka 1923 ya kuzuia moshi wa treni mjini, na Oktoba 1925 reli ya Central Railroad of New Jersey ikaweka kazini nambari 1000, kichwa cha dizeli cha tani 60 na farasi 300. Injini ilikuwa ya Ingersoll-Rand, umeme wa General Electric, bodi ya Alco. Kilishunti hadi 1957, na bado kipo makumbusho ya Baltimore. Wajerumani walishika njia ya haidroliki, yaani kupitisha nguvu kwa oili badala ya umeme: V60 yao, 942 kwa jumla, ina farasi 650, giaboksi ya Voith inayosukuma kwa oili, na shafti ya kati inayozungusha vyuma vya pembeni.

Haidroliki inatuhusu sana sisi wa geji ya mita, yaani reli zilizoachana mita moja. Kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja una nafasi isiyofika sentimita 95, na mota ya umeme ya kutosha lazima ijibane humo. Mota nyembamba zipo na zinafanya kazi, ila ndiyo sababu vichwa vingi vidogo vya geji hii utavikuta na shafti na oili. Na mtu asikudanganye kwamba cha geji ya milimita 1,435 "unasogeza magurudumu tu". Fremu, breki na ekseli vyote vinabadilika.

Siku ya kukagua, fika kabla injini haijawashwa, na uguse kuona kama ni ya baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto anaweza kuwa anaficha jambo. Fungua vali ndogo za kupimia kwenye vichwa vya silinda, kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, maana ya mipigo minne humaliza duru kwa miwili. Yakitoka maji kwenye vali yoyote, kuna ufa au raba ya laina (bomba la ndani la silinda) imekufa. Ukiwasha bila kufanya hivyo, maji hayabanwi, konrodi itapinda. Chomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, harufu ya dizeli na wepesi maana yake nozeli zinavuja. Oili nyeusi inayodondoka kwenye bomba la moshi ni ugonjwa wa kuachwa ikinguruma bila mzigo kutwa nzima. Hiyo mara nyingi hupona ikifanyishwa kazi nzito, lakini laina zikishakuwa laini kama kioo, inabidi zihoniwe upya, yaani zikwaruzwe kidogo kwa mawe ya kunolea.

Kikiwa cha umeme, fungua kifuniko cha mota kwa tochi. Komuteta (duara la mabamba ya shaba linalopokea umeme kutoka kwenye brashi) nzuri ina rangi ya chokoleti, imelingana pote. Ukiona mabamba machache yameungua chini ya brashi na mengine mazima, dereva alikuwa akitoa nguvu kamili huku magurudumu hayazunguki. Umeme wote ulipita sehemu moja.

Kikiwa cha haidroliki, kosa ni lilelile, linaonekana kwenye oili. Kilowati 200 zikizuiwa zisizungushe gurudumu zinageuka joto lote. Lita 300 za oili hupanda nyuzi 20 na zaidi kwa dakika moja kabla kipozeo hakijasaidia. Inuse: iliyoungua ina harufu kali ya masizi. Uliza pia kama kinageuzwa nyuma kikiwa kinatembea. Meno ya kugeuzia hayasamehe, lazima kisimame kabisa.

Vyuma vya pembeni ndivyo watu husahau. Magurudumu yaliyounganishwa lazima yalingane kipenyo. Tofauti ya milimita 3 kwenye gurudumu la mita moja ina maana ya kuburuta mita 3 katika kila kilomita, na mzigo huo wote unabebwa na pini na bushi. Tembeza kichwa mita mia chache, kisimame, kisha shika kila bushi kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto na nyingine vuguvugu, omba vipimo vya magurudumu yote.

Mchanga umalizie: uwe mkavu, umechekechwa, na mdomo wa bomba uwe sentimita 5 hadi 7 juu ya reli ukielekea pale gurudumu linapogusa. Msimu wa mvua mchanga hushikana kama udongo ndani ya bomba, na dereva hujua siku magurudumu yameshateleza. Mwambie muuzaji afungue mchanga mbele yako, pande zote nne, na uangalie unamwagika wapi.