Re: Mguu unakufa ganzi, je, nikanyooshwe mgongo?

Kaka, pole sana. Umesema ganzi inaanzia kiunoni, inashuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba, na inazidi ukikaa kwenye boda kutwa nzima. Hiyo inafanana na neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa kiunoni, mara nyingi na diski iliyotokeza, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo. Kiropraktiki, yaani huko kunyooshwa mgongo kwa mikono, inaweza kupunguza maumivu ya namna hiyo kwa baadhi ya watu, lakini hairudishi diski mahali pake, yeyote asikudanganye. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa mazoezi na kuendelea kutembea.

Neva iliyoharibika ni habari nyingine. Ukiwa na ganzi ya nyayo zote mbili, mithili ya mtu aliyevaa soksi, pima sukari kwanza. Na kama unameza isoniazidi ya kifua kikuu, mwambie daktari, maana dawa hiyo hupunguza vitamini B6 mwilini. Hapo kunyooshwa mgongo hakusaidii kitu.

Linalonitia hofu zaidi kwetu Uganda ni TB ya uti wa mgongo. Ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku au unakonda, usikubali mtu akunyooshe mgongo kabla ya kupigwa picha. Pingili iliyoliwa na TB inaweza kuporomoka ukapooza.

Mkojo ukikataa kutoka au ukijitokea wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi, au unyayo ukishindwa kuinuka, nenda Hospitali ya Mulago siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Je, ukikohoa maumivu yanashuka mguuni?