Anza na Marko, na usiwe na haraka ya kueleza

Wakikukabidhi kundi la watu saba wanaotaka kusoma Injili, anza na Marko. Ina sura 16 tu, na ukiisoma kwa sauti bila papara, saa mbili haziishi. Mimi nilianza na Yohana kwa sababu naipenda. Zile aya 18 za mwanzo zilitula mwezi mzima, na tulipofika sura ya tatu tulikuwa tumebaki wanne, mmoja wao mwenye nyumba.

Kabla ya kikao cha kwanza, isome yote peke yako, mkao mmoja, kwa sauti. Wakristo wa kwanza wengi waliisikia tu ikisomwa. Hawakuwa na nakala mkononi. Ukiisoma hivyo utausikia mwendo wake: mara wakaacha nyavu, mara akaingia sinagogi. Katika Kigiriki neno hilo la “mara”, yaani papo hapo, limo kama mara 40. Halafu kuanzia sura ya 11 mbio zinakatika, na siku chache za Yerusalemu zinachukua zaidi ya theluthi ya kitabu. Anayesoma aya tano tano hawezi kuliona hilo.

Kwenye kundi, swali la kwanza liwe: andiko linasema nini? “Limekugusaje?” lisubiri. Sisi tumezoea kuhubiri; mtu akishasoma aya mbili tayari ana ushuhuda wa robo saa. Ushuhuda una wakati wake. Uliza kwanza maswali ya kitoto: nani yupo hapa? Wametoka wapi? Nani hajasema neno?

Siku ya sura ya 5 nilikuja na kurasa tatu za mafundisho kuhusu imani ya Yairo, mkuu wa sinagogi aliyemwomba Yesu amponye binti yake, na njiani mwanamke mwenye kutoka damu akagusa vazi la Yesu. Bibi mmoja, ambaye kusoma kunamsumbua na kwa kawaida husikiliza tu, akauliza, “Huyu mama ameumwa miaka mingapi?” Tukamjibu, kumi na miwili. “Na huyo mtoto ana miaka mingapi?” Kumi na miwili. Akatikisa kichwa. “Basi mwaka ule nyumba ya mkubwa wanashangilia mtoto, mwenzao huku ndiyo anaanza kutoka damu.”

Kurasa zangu nikazikunja. Kuanzia hapo waliona wenyewe kwamba Marko ameweka kisa kimoja ndani ya kingine, ili tusimame pamoja na Yairo, roho mkononi, wakati Yesu anamtafuta aliyegusa vazi lake na mtoto anakata roho nyumbani. Wiki kadhaa baadaye tulipofika sura ya 11, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini habari za mtini uliolaaniwa zimekizunguka kisa cha Yesu hekaluni.

(Siku hiyohiyo kijana mmoja alishikilia kwamba “Talitha, kumi”, maneno ya Yesu kwa yule mtoto, ni hesabu. Msimcheke mtu wa namna hiyo. Ni Kiaramu, na tafsiri imeandikwa palepale, lakini baada ya kumi na miwili mbili mfululizo, nani asingechanganyikiwa?)

Kuna atakayekimbilia Mathayo kila mkikwama. Mkifika kwa kipofu Bartimayo atasema, “Mbona Mathayo ana vipofu wawili?” Ni swali zuri. Liandike pembeni, kisha mrudishe kwa huyu mmoja, aliyetupa vazi lake akaenda. Ukiruhusu injili nne zichanganywe, mtaishia kusoma ya tano ambayo hakuna aliyeiandika.

Ukisoma peke yako, tafuta daftari na uandike kinachokushangaza, hata kama huna la kukisema. Yule kijana aliyeponyoka uchi usiku wa kukamatwa Yesu yumo kwa Marko tu. Yule kipofu wa Bethsaida aliguswa mara mbili, kwanza akaona watu kama miti inayotembea. Mimi hiki cha pili kilikaa daftarini muda mrefu kabla sijaona kinachofuata: Petro anamkiri Kristo, na dakika hiyohiyo anakemewa kwa kutoelewa maana yake. Hatari ya kusoma peke yako ni kwamba hakuna wa kukubishia. Kwa hiyo kila wiki mpelekee mtu swali moja, ikiwezekana mtu asiyekuogopa.

Mkifika mwisho, simameni kwenye 16:8. Hati mbili kongwe za karne ya nne, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia hapo, na Biblia nyingi hutenga aya ya 9 hadi 20 kwa mabano au maelezo. Waeleze hivyo bila kuficha, kisha nyamaza. Wanawake wamekimbia kaburini, hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa. Kundi langu lilibisha mpaka chai ikapoa: kama hawakusema, sisi tumejuaje? Sikuwajibu. Tulifunga kwa sala, na walipofika barabarani bado niliwasikia wakibishana.