"Husaidia" au "huenda yanasaidia"?

SWALI: Natafsiri makala ya sayansi. Nimeandika, "Mawimbi ya ubongo husaidia kuchakata hisia." Mhariri amenirudishia na mistari myekundu chini ya "husaidia" na "hisia", bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri wako ana jicho kali, ila uvivu wa kueleza anao pia.

Tuanze na hisia. Mtu akilalamika kwamba umemuumiza hisia, hakuna anayefikiria pua wala masikio yake. Kwa msomaji wa leo hisia ni mambo ya moyoni: hasira, huzuni, mapenzi. Makala yako, bila shaka, inahusu kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa, yaani kazi ya milango ya fahamu. Ukitaka neno fupi, lipo hisi, bila "a" ya mwisho. Ila msomaji anaweza kudhani umekosea chapa, kwa hiyo mimi ningebaki na milango.

"Husaidia" ni kosa zito zaidi. Hu- hubeba jambo la kawaida lisilo na ubishi: jua huchomoza mashariki. Mapigo ya alfa, yaani umeme wa ubongo unaopanda na kushuka mara 8 hadi 13 kwa sekunde, hufifia mtu anapofumbua macho. Hapo hu- inastahili, maana jambo hilo linajulikana tangu enzi za Hans Berger, Mjerumani aliyechapisha rekodi zake za umeme wa ubongo mwaka 1929. Lakini je, mapigo hayo yanafanya kazi katika kuona, au ni kivuli tu cha kazi inayofanyika kwingine? Hilo bado linabishaniwa. Andika "huenda yanasaidia". Usiandike "huenda yakasaidia", kwani -ka- itampeleka msomaji kwenye jambo ambalo bado halijatokea.

Mhariri hakugusa "mawimbi", lakini mimi nitaligusa. Wimbi la bahari husafiri. Ubongoni kuna umeme unaopanda na kushuka palepale, na huo ningeuita mapigo. Upo pia unaotambaa juu ya gamba la ubongo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Taarifa ya mwanga hafifu ikilifikia eneo la kuona la ubongo, huenda mwanga huo ukaonekana au ukapotea kutegemea wimbi limefika wapi. Kama makala inazungumzia huo wa pili, sema hivi: "Huenda mawimbi yanayosambaa katika ubongo yanasaidia kuchakata taarifa za milango ya fahamu."

Kuchakata kuache. Kulikuwa kwa mkonge kabla ya kuwa kwa data, na hakuna aliyelalamika.