Shoga Yangu: niliyojifunza tukitengeneza filamu fupi hapa Mwanza

Kabla ya filamu hii mimi nilikuwa mtu wa sendofu na kicheni pati. Miaka sita ya kukimbizana na keki, kuvuta zumu kwenye machozi ya mama mzazi, na kupandisha droni juu ya ukumbi hata pale ambapo huko juu hakuna cha kuona zaidi ya mabati. Nayasema mapema kwa sababu vijana mnaonifuata na "kaka, nianzie wapi" mnadhani mnamwendea mtaalamu. Mnamwendea mtu aliyekosea mengi, tena kwa kufuatana.

Filamu yenyewe ni ya dakika 11. Ni marafiki wawili, wote wanawake transi. Walipozaliwa waliandikwa wavulana, maisha yao ni ya kike. Mmoja ni fundi cherehani, hapa nitamwita Fundi. Mwenzake anakaanga dagaa na kuuza, huyu nitamwita Bibie. Jioni moja Fundi anamsuka Bibie kabla hajapanda meli ya usiku kwenda Bukoba. Basi, hakuna kingine kinachotokea.

Haikuanza hivyo. Rasimu ya kwanza niliiandika peke yangu kwa siku mbili na nikaiona kali kweli. Ilikuwa na baba anayefukuza mtoto, mchungaji anayekemea, daktari anayehoji, na machozi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa 14. Nikampelekea Fundi. Aliisoma yote akiwa ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, akazikunja karatasi mara mbili, akaniuliza: "Sasa urafiki wetu uko ukurasa wa ngapi?"

Nilipekua kama vile ningeupata.

Kurasa zote 14 zilikuwa za kumfafanulia mtazamaji mwanamke transi ni mtu gani. Nikaziacha, nikaenda kukaa nao Jumapili tatu bila kamera. Bila kamera kabisa, hata simu ilikaa kwenye begi. Hapo ndipo nikaanza kuona. Bibie hawezi kunyamaza akisukwa. Fundi hubana kitana kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru, kwa hiyo nusu ya maneno yake yanatoka yamesagika, na ni Bibie peke yake anayeyaelewa na kuyajibu. Halafu wana deni la rasta la shilingi 6,000 ambalo kila mmoja anaapa kwamba anayedai ni yeye. Lile deni ndilo likawa filamu. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, anzia kwenye deni la aina hiyo. Habari za hospitali na za baba zitaingia zenyewe kama zinahitajika, kwa sentensi moja, mtu akiwa ameinamisha kichwa anasukwa.

Kulikuwa na ugomvi mmoja wa neno. Katika kusuka, Fundi anamgonga Bibie begani kwa kitana na kusema, "Inamisha shingo, shoga yangu, nasuka mtu au twiga?" Mtu wetu wa sauti alitaka tulikate. Hoja yake ilikuwa na uzito: neno hilo mtaani ni tusi, linarushwa kama jiwe, na nani atakayelisikia katika filamu hii asifikirie tusi? Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema neno hilo ni la mama yake, ndivyo alivyokuwa akimwita jirani yake wakichambua mchele barazani, na hakuwa akimtukana mtu. Wanawake wa pwani waliitana shoga miaka na miaka kabla wengine hawajaligeuza, na taarabu zimejaa neno hilo. Tukalibakiza. Likawa hadi jina la filamu.

Kumbe shida ilikuwa inatusubiri mbele, kwenye maandishi ya chini ya skrini. Tulimpa mtu atafsiri kwa Kiingereza. Kiswahili chetu ni cha heshima katika jambo hili: "alikuja", "anacheka", "kamwambia", hakuna anayekulazimisha kutaja kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinakulazimisha kila sentensi. Rasimu ya mfasiri ilirudi Bibie akiwa mwanamume kuanzia mwanzo hadi mwisho, na "shoga yangu" limegeuzwa kuwa neno la mwanamume anayependa wanaume. Hakuwa na ubaya. Hatukuwa tumemweleza, tulimtumia faili na malipo ya awali tu. Siku hizi natuma faili pamoja na ukurasa mmoja: nani ni nani, kila neno la utani lina maana gani, na namba ya kupiga kama ukikwama. Na nakaa na aliyesemwa, tunasoma mstari kwa mstari kabla maandishi hayajabandikwa. Jioni nzima inakwenda hapo. Iache iende.

Vifaa nitapita haraka. Mwaka 2015 mwongozaji Sean Baker alionyesha kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, filamu ya Tangerine, ambayo pia ni kisa cha marafiki wawili wanawake transi, huko Los Angeles. Aliipiga kwa iPhone 5s zilizopachikwa lenzi ndogo ya ziada, na waigizaji wake wakuu, Kitana Kiki Rodriguez na Mya Taylor, ni wanawake transi wenyewe. Kwa hiyo usiniambie kamera ndiyo inayokukwamisha. Ila usiige kila kitu. Wale walitembea barabarani mchana kweupe, nyuso wazi, kwa sababu walikuwa kwao. Wewe uko kwako.

Kwenye mipangilio ya kamera weka shata, yaani muda wa kila picha kuingiza mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei rahisi zitakupigia mistari kwenye picha ukiweka vinginevyo. Sauti ndiyo ya kutumia hela. Chini ya bati hakuna siri: jua likipanda bati linalia kwa joto, likishuka linalia kwa kupoa, na mvua ikianza fungasheni mpike chai. Upepo nao una ratiba yake hapa kwetu. Alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani na ni mpole. Mchana unageuka, unatoka ziwani, unavuma moja kwa moja kwenye maiki. Mazungumzo yote ya uani tuliyarekodi kabla ya saa nne asubuhi. Na kabla hamjaondoka chumbani, nyamazeni wote dakika moja mrekodi ule ukimya. Utaulilia kwenye uhariri usipokuwa nao.

Mwanga wa jioni ni mzuri kupita kiasi, na ndiyo hatari yake. Tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, ukichelewa robo saa limekwisha. Kwenye harusi unaweza kumwambia bwana harusi arudie. Kichwa kilichokwisha kusukwa hakirudiwi.

Sasa mawe. Hili linawahusu nyinyi wa Mwanza, wengine hawatalielewa. Picha niliyoipenda siku ya kwanza ilikuwa Bibie kampa mgongo dirisha, na nyuma yake, nje, mawe mawili yamebebana, ziwa likionekana katikati. Niliitazama usiku ule najisifu. Asubuhi mke wangu akapita nyuma ya kompyuta na chai yake, hakusimama hata, akasema, "Ah, hapo ni kwa fulani," akataja mtaa na uchochoro. Watu wa Mwanza tunayajua mawe yetu kama tunavyowajua majirani. Jiwe la Bismarck linatambulika na kila mtu, lakini hata jiwe la uani kwako lina watu wanaolijua. Tukafunga pazia tukaanza upya. Chumba hakijulikani, na mimi siwaambii hata sasa ni mlima upi.

Nyuso nazo hatukuzipiga, na hapa sikilizeni vizuri. Usiseme utazifunika kwa ukungu wakati wa kuhariri, kwa maana faili la asili linabaki na uso wake, na ukungu wenyewe wakati mwingine hufumbuliwa. Panga kamera tangu mwanzo isiuone uso: mikono, shingo, visigino, mgongo wa gauni lenye pini. Ukizoea utagundua kwamba mikono inayosuka ina hasira yake, huruma yake na uchovu wake. Sauti vilevile. Kuibadilisha kwa programu iwe nzito au nyembamba hakutoshi, mwenye ujuzi anairudisha. Fundi aliridhia sauti yake itumike, na ikiwa imebanwa na kitana haitambuliki sana. Bibie alikataa, kwa hiyo maneno yake yalisemwa upya na mwanamke mwingine, Bibie mwenyewe akiwa amekaa pembeni yake akimsahihisha: "Hapana, hapo mimi huwa navuta pumzi kwanza."

Kosa kubwa kuliko yote halikuwa la kamera. Kijana wetu wa taa, mtoto mzuri, mchapakazi, aliweka picha kwenye status ya WhatsApp. Yeye ndani ya bajaji, dole gumba juu, "kazini". Nyuma yake kwenye kioo cha bajaji: mlango wa Fundi na kibao cha ushonaji. Status hufutika baada ya saa 24, lakini saa 24 ni nyingi katika mji ambao kila mtu ana shangazi. Tuliiona baada ya saa tatu, ikafutwa, na Fundi alihamia kwa dada yake kwa wiki mbili kwa tahadhari. Wiki mbili bila kushona ni pesa, tulimlipa kutoka kwenye bajeti ya filamu. Tangu hapo simu zote zinaingia kwenye kapu mlangoni, yangu ikiwa ya kwanza. Faili zinafungwa kwa nywila, nakala ni mbili, haziko nyumba moja, na hakuna faili lenye jina la mtu. Picha za simu hubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Zima hilo kabla ya kuanza.

Sheria isome mwenyewe, usisimuliwe na mimi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali, na Bodi ya Filamu ndiyo inayosimamia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu tendo la ngono inaloliita kinyume cha maumbile, hadi kifungo cha maisha. Haitaji watu transi, lakini mtaani hakuna anayefungua kitabu kabla ya kupiga kelele. Kaa na wakili kabla hujakodi hata stendi. Muswada wetu ulisema tulichokuwa nacho: wanawake wawili marafiki, chumba kimoja, deni la rasta. Hakuna uongo ndani yake. Hadharani hapa nchini hatujaionyesha. Tumeitazama sebuleni, shuka jeupe ukutani, watu tisa, na Fundi alilalamika dakika zote 11 kwamba mstari wa tatu wa nywele umekwenda upande na mimi nimeuacha makusudi.

Bajeti ilikuwa shilingi 1,150,000. Chakula kilikula zaidi ya robo na sijutii. Watu wakishiba ndipo wanapocheka, na kicheko hakiigizwi.

Limebaki la ridhaa. Nilikuwa na fomu, zimesainiwa, nikadhani nimemaliza. Miezi minane baadaye Bibie alinipigia kutoka Bukoba. Amepata kazi. Kulikuwa na kipande kimoja, sekunde nne, ambapo anajitazama kwenye kioo kidogo cha mkononi baada ya kusukwa, na katika kioo kile unaona jicho moja na nusu ya tabasamu. Ndiyo sehemu pekee ya uso katika filamu nzima, aliiridhia mwenyewe, na kila aliyeiona alisema filamu iko pale. Akasema, "Kaka, ile ya kioo iondoe."

Sikumkumbusha fomu. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha, maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza.

Alipokuja Mwanza kumsalimia Fundi nilibeba kompyuta. Akaniuliza kama nimeifuta, nikasema nimeifuta. "Nionyeshe." Nikamwonyesha kwenye kompyuta, kisha diski ya kwanza, kisha tukapanda bajaji kwenda ilipo ya pili, nikaifungua mbele yake. Hakusema kitu, aliitikia kwa kichwa.

Pale katikati pakabaki tundu la sekunde nne. Nilitaka kuweka taa za wavuvi wa dagaa ziwani, lakini mwezi ulikuwa mpevu, na kwenye mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, taa zao hazivuti kitu. Tukangoja karibu wiki mbili hadi siku za giza. Usiku tuliokwenda kupiga, Fundi alikuja na thermosi na khanga mbili, tukakaa juu ya jiwe, taa zikaanza kuwaka moja moja mpaka ziwa likawa kama mji wa pili. Akazihesabu kidogo, akachoka. Akasema zile 6,000 bado anadai.