Maswali na majibu: baknang, maskini na nguruwe wa karamu

Wiki hii wasomaji wameuliza kuhusu Wakankanaey, watu wa milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino.

Je, walikuwa na machifu?

Wa kutawazwa, hapana. Walikuwa na matajiri. Upande wa mkoa wa Benguet tajiri huitwa baknang. Huko mji wa Sagada na jirani zake, kadangyan. Mali yao ilikuwa mashamba ya mpunga ya ngazi, nyati, nguruwe, mitungi ya Kichina na patu za shaba ziitwazo gangsa. Sagada mashauri yaliamuliwa na wazee kwenye dap-ay, baraza la viti vya mawe.

Maskini aliweza kupanda daraja?

Aliweza, ila mali ya kufungia ndani haikumpa mtu heshima. Ilibidi alishe watu. Benguet karamu hizo ni pedit: kila awamu nguruwe huongezeka, na hesabu yao huwa witiri. Kila mgeni huondoka na fungu lake la nyama, watwat, hata kama hana kitu.

Ukarimu huo msiushangilie haraka. Mtu akiugua, mambunong, yaani kuhani, huenda akasema marehemu wa ukoo wanataka nguruwe. Asiye na nguruwe alikwenda kukopa kwa baknang yule yule, kisha akalipa kwa jasho shambani kwake, au kwa shamba lenyewe. Kwa maoni yangu, tabaka la matajiri lilisimama juu ya deni hilo kuliko juu ya ukoo.

Kwetu tajiri humpa jirani ng'ombe amfugie. Huko je?

Vivyo hivyo. Mchungaji alipata sehemu ya ndama.

Watoto walirithi utajiri?

Ndiyo, ila si sawasawa. Mashamba bora mara nyingi yalimwendea mtoto wa kwanza, na matajiri walipenda kuozana wao kwa wao. Wadogo zake waliweza kuteremka.

Matabaka hayo yapo bado?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kabichi, viazi na karoti vilitapakaa Benguet, hasa Buguias. Mtu asiyerithi hata jaruba moja akaweza kutajirika kwa bei nzuri ya msimu mmoja, na kufilisika msimu uliofuata. Wengi wa matajiri hao wa mboga nao waliandaa pedit, ingawa wapo Wakristo wanaoikataa katakata.