Mwalimu Anajibu: Mafuta ya Chipsi Kwenye Injini ya Kusaga

Katika toleo lililopita niliitaja dizeli ya mafuta ya chipsi, yaani inayotengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia, kwa sentensi moja tu, nilipokuwa najibu swali la filta. Tangu hapo barua zimekuja mfululizo, kwa hiyo leo nafasi yote naiachia mada hiyo. Kwa wasionifahamu: nilifundisha kemia sekondari kwa muda mrefu, na sasa naendesha mashine ya kusaga hapa Uyole, Mbeya. Injini yangu inakunywa mafuta haya, na ninachowaandikia nimekishika kwa mikono.

SWALI: *Shikamoo Mwalimu. Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Makambako, injini ya dizeli ya silinda moja. Kijana wangu alijifunza kwenye simu kutengeneza dizeli kwa mafuta ya chipsi. Mara ya kwanza pipa zima liligeuka uji mweupe. Mara ya pili ilitoka nzuri, rangi ya asali, tukasagia wiki tatu. Ilipoingia Juni, asubuhi moja injini ikagoma. Kufungua filta tukakuta kitu kama samli. Tunakosea wapi? Baba wa watoto watano, Makambako.*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kijana mpongeze, maana aliyeharibikiwa pipa zima akarudia tena ana moyo wa kazi. Matatizo yenu ni mawili na hayahusiani: la kwanza ni maji, la pili ni baridi.

Dizeli hii hutoka kwa kuchanganya mafuta na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, pamoja na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ili mafuta yawe mepesi. Ule uji mweupe ni sabuni. Kostiki soda ikikuta maji ndani ya mafuta, inaacha kazi uliyoituma na kutengeneza sabuni, kama wanavyofanya kwa makusudi akina mama wa vikundi vya sabuni ya mche. Na mafuta ya chipsi hayakosi maji, kwa sababu kiazi kibichi kimejaa maji. Pipa langu la kwanza lilikuwa la lita 40, mafuta nimeyakusanya Mwanjelwa wakati wa mvua, kwenye madumu yasiyo na vifuniko. Dizeli ilikuwa imeisha, watu wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi, nami nikaharakisha bila kuyakausha. Baada ya nusu saa ya kukoroga, mwiko ulisimama wenyewe katikati ya pipa. Tulikitoa kile kitu kwa koleo.

Tangu siku hiyo mafuta kwangu hulala kwanza. Nayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, nayaacha kwenye madumu yaliyosimama wima wiki nzima, kisha namimina ya juu tu. Tope na maji ya chini siyagusi. Halafu nayapasha moto uani kwenye jiko la mkaa, mafuta peke yake. Hapa usiangalie saa, sikiliza. Mwanzoni yanachachatika na kutoa mvuke kama karai lililotiwa andazi sasa hivi. Yakifika nyuzi 110 na kelele imekwisha kabisa, maji yameondoka. Ukiwa na shaka, dondoshea kidogo kwenye kikaango kikavu kilichopata moto. Yakirukaruka, bado.

Kipimo cha pili ni cha asidi. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana asidi, nayo humeza kostiki kabla kazi haijaanza. Nadhani kijana alitumia kipimo kilekile alichokiona kwenye simu, lakini mafuta ya kila kibanda yana hali yake. Yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi. Chukua mililita 1 ya mafuta, changanya na mililita 10 za spiriti ya isopropili na chembe ya bizari ya manjano ya sokoni. Sasa dondosha yale maji ya kostiki kidogo kidogo kwa bomba la sindano, ukihesabu. Mchanganyiko ukigeuka mwekundu na kubaki hivyo, simama. Kama zimetumika mililita 2, jumlisha na 3.5, kiasi ambacho hata mafuta mapya hukitaka: unahitaji gramu 5.5 za kostiki kwa kila lita ya mafuta. Maabara hutumia dawa nyingine ya rangi, ila manjano imenitosha. Zikivuka mililita 5, mafuta hayo nawapelekea watu wa sabuni.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi fupi. Lita 20 za mafuta makavu zinataka lita 4 na nusu za methanoli. Kostiki iliyopimwa kwa mizani huyeyushwa kwanza ndani ya methanoli, kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko. Dumu litapata joto lenyewe, usishtuke. Vaa glavu na miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu, kwa sababu tone moja la mchanganyiko huo likiingia jichoni linaunguza. Usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na sufuria za majumbani mwetu karibu zote ni za alumini. Tafuta pipa la chuma.

Mafuta yenyewe yawe yamepoa hadi nyuzi 50. Utasikia watu wakitaja 55, hata 60. Kwa mtu wa Pwani methanoli huchemka karibu na nyuzi 65, lakini huku kwetu, mita 1,700 juu ya bahari, inachemka karibu na 60. Anayefuata kipimo cha Dar es Salaam akiwa Mbeya anakaribisha mvuke wa methanoli puani mwake, na kitambaa ulichofunga mdomoni hakiuzuii. Kabla hujafungua chombo cha methanoli, jiko liwe limeshaondoka na mkaa umezimwa kwa maji. Mvuke wake unashika moto upesi, na mwali wake mchana hauonekani. Pipa langu nimelitengenezea sanduku la mbao lililojazwa pumba za mpunga kutoka Igurusi. Linashika joto saa nzima ya kukoroga, wala sihitaji moto.

Koroga saa moja, funika, acha hadi kesho. Asubuhi utakuta matabaka mawili: chini gliserini nyeusi kama kahawa ya Mbozi, juu dizeli. Toa gliserini kwa koki ya chini, kisha osha. Maji ya uvuguvugu yanyunyize juu taratibu kama rasharasha, yashuke, yatoe, rudia mara tatu au nne mpaka yanayotoka yawe maangavu kabisa. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na sabuni waliyoiacha ndani huziba filta na kuharibu nozeli inayorushia mafuta ndani ya silinda. Baada ya kuosha, iache kwenye ndoo pana ikauke siku mbili tatu. Ukiimimina kwenye chupa ya kioo na kuweza kusoma gazeti nyuma yake, iko tayari.

Sasa baridi. Ile samli kwenye filta ni dizeli yenu yenyewe iliyoganda. Mafuta ya mawese, yawe ya Kyela au yale ya madumu ya dukani, yana sehemu kubwa inayoganda mapema, na dizeli yake huanza kuota nta mahali fulani kati ya nyuzi 10 na 16. Makambako alfajiri ya Juni inashuka chini ya hapo. Dizeli ya alizeti huvumilia hadi karibu na nyuzi sifuri. Kwa hiyo Mei hadi Agosti nachukua mafuta kwa wanaokaangia alizeti peke yake, na hata hayo nachanganya lita 1 kwa lita 4 za dizeli ya kituoni. Ya mawese natumia miezi ya joto. Hiyo iliyoganda msiimwage, ikipata joto itarudi kama ilivyokuwa.

La mwisho kwenu: badilisheni filta sasa, na tena baada ya wiki chache. Dizeli hii husafisha tangi na kukokota uchafu wa miaka yote. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta nayo hulainika na kuvuja, ikagueni.

SWALI: *Methanoli huku ni shida kuipata. Gongo ipo ya kutosha. Haiwezi kufanya kazi hiyo? Msomaji, Ilula.*

JIBU: Wazo lako lina mizizi. Pombe ya kawaida, ethanoli, inaweza kugeuza mafuta kuwa dizeli. Mwaka 1937 mtafiti wa Ubelgiji aliyeitwa Chavanne alipata hataza ya kufanya hivyo kwa mawese ya Kongo, na mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Lakini ethanoli hiyo lazima iwe kavu, na gongo ina maji mengi. Hata ukiitonesha mara kumi haivuki asilimia 96 hivi. Utapata sabuni kama ya ndugu yetu wa Makambako.

Kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya hilo. Methanoli na gongo zote hazina rangi, na harufu zake zinakaribiana. Vijiko viwili vya chai vya methanoli vinaweza kumpofusha mtu mzima, na kiasi kisichozidi glasi ndogo kinaua. Aliyekunywa huonekana mlevi tu, kisha baada ya saa 12 au zaidi ndipo macho yanaanza kuona ukungu. Kenya, mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Methanoli usiitie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Dumu langu nimelipaka rangi nyekundu na kulichora fuvu, linakaa kwenye stoo yenye kufuli, na ufunguo uko shingoni mwangu. Mtu akinywa, hata kama anasema yuko sawa, mkimbize hospitali saa hiyohiyo na utaje neno methanoli.

Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kemikali za viwandani zina sheria yake tangu 2003.

SWALI: *Mwalimu, nauza chipsi Mlandege, Iringa. Kuna kijana anapita kununua mafuta yaliyochoka, anasema ni ya dizeli. Nitajuaje kwamba hayarudi kwenye karai la mtu mwingine? Mama wa chipsi.*

JIBU: Mwanangu, ungejua nilivyofurahi kuisoma barua yako. Wapo wanaoyachuja, wakayachanganya na mafuta mapya na kuyauza tena kwa kipimo, na wanaoyala ni watoto wetu wanaonunua maandazi asubuhi.

Mimi nikienda kukusanya hubeba kikombe cha dizeli niliyoitengeneza mwenyewe, iliyooshwa na kukauka. Namimina kwenye dumu mbele ya mwenye kibanda. Baada ya hapo hayafai kupikiwa, wala kwangu hayajaharibika. Mwambie kijana wako afanye hivyo. Kama kweli ni mtu wa dizeli, anayo. Akikataa, usimuuzie. Ila usitie mafuta ya taa wala dizeli ya kituoni: mtu atakapoyapasha kuyakausha, yanaweza kulipuka moto usoni mwake.

Na omba uone mashine yake. Mtu anayesaga kwa mafuta yako hataficha kinu chake.

SWALI: *Nimeambiwa injini ya dizeli ilibuniwa kwa ajili ya mafuta ya karanga. Basi si niyamimine tu kwenye pikapu yangu bila kuhangaika na kemikali? Dereva, Tukuyu.*

JIBU: Aliyekuambia ameshika kipande cha ukweli. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zinalimwa kwa wingi. Hakuibuni injini kwa ajili ya karanga.

Mafuta mabichi ni mazito mara kumi na zaidi kuliko dizeli. Nozeli haiwezi kuyatawanya vizuri, hayaungui yote, na yaliyobaki huwa gundi kwenye ringi na vali. Injini itawaka, ndiyo, na kwa wiki kadhaa utadhani umeshinda. Kazi yote ya methanoli na kostiki ni kuyapunguza uzito huo.

Sasa pikapu. Kama ni ya zamani, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli iliyotengenezwa na kuoshwa vizuri itaipokea, ukianza na lita 1 kwa 4. Kama ni ya kisasa, yenye pampu ya msukumo mkubwa na nozeli za umeme, usiijaribie dizeli ya uani. Nozeli zake zina matundu membamba mno, na sabuni kidogo tu inazimaliza. Tuanze na mashine za kusaga na pawatila, zinasamehe.

SWALI: *Gliserini inayobaki ina harufu tamu. Naweza kuwachanganyia nguruwe kwenye pumba? Mfugaji, Mbozi.*

JIBU: Usiwape. Ndani yake mna methanoli iliyobaki na kostiki. Usiimwage kwenye mfereji pia, wala kwenye shamba la kahawa. Iweke kwenye chombo wazi mahali penye upepo, mbali na moto na mbali na banda, kwa wiki mbili tatu, methanoli ipae. Halafu itumie kusugulia grisi kwenye vyuma na sakafu ya mashine, ukiwa na glavu. Mimi yangu inaishia hapo, na bado wakati mwingine haitoshi.