Usimuulize mfiwa marehemu alikuwa anaumwa nini

Hakuna swali lililonichosha msibani kama "kwani alikuwa anaumwa nini?" Mume wangu alipofariki, karibu kila aliyevua viatu mlangoni na kuketi mkekani alikuja nalo, nami nikaanza upya: presha, kuanguka bafuni, bajaji, hospitali, simu ya alfajiri. Nikimaliza, anaingia mwingine. Ukitaka kujua, waulize walioko nje chini ya turubai. Hakosekani anayejua yote, hata yasiyokuwepo.

Kwa mfiwa mwenyewe, "pole sana, dada" inatosha. Mshike mkono, ukae. Mama mmoja wa mtaani alikaa ubavuni mwangu tangu adhuhuri hadi magharibi bila kunisemesha, na huyo simsahau. "Jikaze, una watoto" niliisikia sana. Waliosema walikuwa na nia njema, lakini mtu aliyefiwa jana anajikaza kwa ajili gani? Mwache alie. Mawaidha mwachie shehe.

Rambirambi toa, iwe mkononi au kwa simu. Kulisha watu wa msiba si mchezo.

Ila pole yenyewe hasa inahitajika matanga yakishaanuliwa, turubai limeshushwa na masufuria yamerudi kwa wenyewe. Mimi nilikuwa eda, ule muda mjane wa Kiislamu anaokaa ndani, miezi minne na siku kumi. Nani aende sokoni? Watu wengi waliniaga kwa "ukihitaji chochote niambie," na sikumwambia hata mmoja, kwa sababu kichwa chenyewe hakikuwepo. Jirani yangu hakuuliza. Asubuhi alipopeleka wanawe shule alipitia na wangu. Ukishindwa hilo, sema "kesho naenda sokoni, nikuletee mboga gani?" Hapo mtu anaweza kujibu.

Halafu kuna makaratasi. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo kuthibitisha msimamizi wa mirathi, na bila hayo benki haikupi hela za marehemu. Shemeji yangu alizipanga foleni hizo, akaomba ruhusa kazini mara kwa mara. Hakuwa mtu wa maneno, lakini sijui nani alinipa pole kumzidi.

Na mtajeni marehemu kwa jina. Watu walilikwepa mbele yangu wakidhani wananihurumia. Mfanyakazi mwenzake alinipigia baada ya Ramadhani, akanisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa akiwakopesha wenzake nauli mwisho wa mwezi, kisha anajifanya kasahau kudai. Sikuwa nalijua hilo. Kama una habari ya namna hiyo, piga simu, hata kama mwaka umeshapita.